Maswali na majibu: Capablanca, bingwa aliyeanzia mwishoni

Eti Capablanca hakuwahi kusomea chesi, alizaliwa nayo tu?

Nusu yake ni kweli. José Raúl Capablanca alizaliwa Havana, Cuba, tarehe 19 Novemba 1888. Mwenyewe alisimulia kwamba aliujua mchezo akiwa na miaka minne kwa kumtazama baba yake, kisha akamsahihisha mzee alipomsogeza farasi isivyo. Watu wameishikilia hadithi hiyo, lakini wakasahau kwamba huyo huyo alisema alipopewa vitabu vya chesi utotoni, alipenda cha miisho ya michezo na akakisoma. Mwishoni mwa 1901, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 13, akamshinda Juan Corzo, mchezaji mkubwa wa Cuba, katika mechi yao. Uvivu wake ulikuwa kwenye ufunguzi, yaani hatua za mwanzo za mchezo. Huko kweli alijitegemea kichwa chake, na 1909 kilimtosha kumpiga Frank Marshall wa Marekani: ushindi 8, kushindwa 1, sare 14.

Alikaa miaka mingapi bila kufungwa?

Minane. Alifungwa na Oscar Chajes huko New York Februari 1916, hakufungwa tena katika mchezo rasmi hadi Machi 1924, alipoangushwa na Richard Réti, New York hiyo hiyo. Katikati kuna michezo 63: ushindi 40, sare 23. Ndani yake imo mechi ya ubingwa wa dunia ya Havana, 1921, aliyomvua Emanuel Lasker taji alilolishikilia miaka 27. Alishinda michezo minne, kumi ikawa sare, Lasker hakupata hata mmoja.

Nianze na mchezo wake upi?

Dhidi ya Savielly Tartakower, New York 1924. Usianze na hatua za mwanzo, nenda moja kwa moja hatua ya 35. Panga ubao hivi (herufi ni safu, a hadi h kutoka kushoto kwa weupe; namba ni mstari, 1 hadi 8 kutoka upande wao). Weupe: mfalme f3, ngome h7, askari a4, c3, d4, f4 na g5. Weusi: mfalme f8, ngome c6, askari a7, b6, c7, d5 na f5. Zamu ni ya weupe, na askari wa c3 yuko hatarini.

Wengi wetu tungemlinda. Capablanca akampeleka mfalme g3, akaacha askari aliwe, tena kwa cheki, yaani mfalme wake akishambuliwa papo hapo. Mfalme akaenda h4. Ngome nyeusi ikaja f3, askari mweupe akasogea g6, wa f4 naye akaliwa kwa cheki. Mfalme g5, ngome nyeusi e4, mfalme f6. Askari wawili wamekwenda, lakini tazama mfalme alipofika: askari mweusi wa f5 yuko mbele yake, mzima. Capablanca hakumla kwa makusudi, maana ndiye ngao inayozuia cheki kutoka chini ya safu ya f. Na sasa ngome ikienda h8, mfalme mweusi hana pa kukimbilia. Kulikwepa hilo ikabidi aende g8 mapema, na kuanzia hapo weupe wakavuna askari mmoja baada ya mwingine hadi Tartakower akasalimu amri.

Mwanangu anajua kushambulia, ila akibaki na ngome na mfalme dhidi ya mfalme mtupu anazunguka tu. Afanyeje?

Kitabu cha Capablanca cha 1921 kinaanza na hilo hilo, kabla ya ufunguzi wowote. Mwambie ngome ni uzio. Mfalme mweusi akiwa e6, ngome ikae a5, asiweze kushuka. Mfalme mweupe aje e4, watazamane, nyumba moja katikati. Sasa ndipo ngome itoe cheki a6: d5, e5 na f5 zimezibwa na mfalme, kwa hiyo adui lazima arudi mstari wa 7. Uzio umepanda mstari mmoja. Rudia mpaka ukingoni.

Wafalme wasipotazamana na zamu ni yako, sogeza ngome nyumba moja kwenye mstari wake huo huo, umpe adui zamu. Adui akiikaribia ngome, ihamishie upande wa pili wa ubao, mstari ule ule.

Makosa ni mawili. La kwanza ni cheki za papara, zinazomfungulia adui njia ya kurudi katikati. La pili huja kwenye kona: adui yuko a8, mfalme wako c6, ukiweka ngome b7 hana pa kwenda wala hajashambuliwa. Hiyo ni sare, na kilio ni chako. Kwa uchezaji sahihi hatua 16 zinatosha popote unapoanzia. Sheria inakupa 50 kabla mchezo haujaweza kudaiwa kuwa sare.

Kwa nini alishindwa na Alekhine, na kwa nini hawakurudiana?

Buenos Aires, 1927, Alexander Alekhine alifika hajawahi kumshinda hata mara moja. Lakini alikuwa ameichambua michezo yake mmoja mmoja, akitafuta pale wepesi wa Capablanca unapogeuka uzembe. Mechi hiyo ya ubingwa wa dunia ilikuwa ya kuwahi ushindi sita. Ilichukua michezo 34, 32 kati yake ikianza kwa ufunguzi uitwao Kafara ya Malkia iliyokataliwa, na ikaisha 6 kwa 3. Kinachouma ni mchezo wa mwisho: ulikuwa mwisho wa ngome (zimebaki ngome, wafalme na askari tu), uwanja wake Capablanca, akiwa nyuma askari mmoja. Hakurudi ubaoni kuumalizia. Alisalimu amri kwa maandishi.

Marudiano yalikwama kwenye masharti ambayo Capablanca mwenyewe aliyasimamia London mwaka 1922: dau lisipungue dola 10,000. Bingwa anachukua kwanza asilimia 20, kinachobaki mshindi asilimia 60 na mshindwa 40. Alekhine akang'ang'ania sharti hilo, na baada ya uchumi kuanguka 1929 fedha hizo zilikuwa ngumu kupatikana. Kwa maoni yetu Alekhine alimkwepa, ila fimbo aliyotumia aliikata Capablanca. Hawakukutana tena ubaoni hadi Nottingham 1936, na Capablanca akashinda mchezo wao huo.

Ni kweli alibuni chesi yake?

Ndiyo, akihofia mabingwa wangefikia kutoka sare kila siku. Ubao wa nyumba 10 kwa 8, na kete mbili mpya: moja inakwenda kama ngome na farasi, nyingine kama askofu na farasi. Haikushika.

Alikufaje?

Shinikizo la damu lilikuwa likimsumbua kwa miaka. Jioni ya tarehe 7 Machi 1942 alianguka ghafla katika klabu ya chesi ya Manhattan, New York, akitazama wengine wakicheza. Alifariki kesho yake hospitalini, akiwa na miaka 53, akazikwa Havana.