Jibu: Saturn lilikuwa gari bovu, au GM ndio waliiua?

Mkuu, yote mawili yana ukweli, ila mimi lawama nyingi nawatupia GM, yaani General Motors, kampuni ya magari ya Marekani iliyoanzisha chapa ya Saturn. Waliitangaza Saturn 1985 ili ipambane na Wajapani, na gari la kwanza likatoka kiwandani Spring Hill, Tennessee, Julai 1990. Bei moja, hakuna kupatana. Wateja walinogewa hadi 1994 maelfu wakafunga safari kwenda kiwandani kusherehekea. Nani hufanya hivyo kwa gari la bei nafuu?

Wenye SL2, modeli mojawapo ya Saturn, mpaka leo wanasifia milango na fenda za plastiki: toroli la supamaketi likigonga linadunda tu, hakuna kubonyea wala kutu. Kilio chao ni ile injini ya lita 1.9 kula oili. Ringi za pistoni zinaganda, na usipochomoa kijiti cha kupimia oili ukaangalia mara kwa mara, injini inakufa bila hata kuvujisha tone chini. GM nao wakakaa miaka bila kuleta modeli mpya za maana. Roger Penske, mfanyabiashara wa magari Mmarekani, alitaka kuinunua Saturn 2009, akakosa kampuni ya kumtengenezea magari, basi ikazikwa.