Mvua ya Tukuyu iandikwe mistari mingapi?

Riwaya yangu inaanza na kurasa tatu za mvua. Mwenzangu anasema nimezidisha. Ni kweli? (Tukuyu)

Ni kweli, ingawa naelewa kilichokusukuma: mvua ya kwenu humkuta mtu kila mahali. Tatizo ni kwamba msomaji bado hajapata wa kumfuata. Mpe mtu kwanza. Tuseme ni mama anayepeleka ndizi sokoni. Sasa mvua tuione kwake: kanga iliyomfunika mtoto mgongoni imelowa na kuwa nzito, njia inateleza, Fuso la mnunuzi limekwama bondeni, naye anaitazama mikungu yake mitano akiwaza itauzwa saa ngapi. Hapo hata nusu ukurasa wa mvua nitausoma, maana kila tone linamgusa mfukoni.

Mimi niliwahi kuupamba Mlima Rungwe kwa aya mbili, wakati mhusika wangu anatafuta ng'ombe aliyepotea. Mtu wa hivyo haangalii uzuri wa mlima. Anaangalia ukungu umeshuka mpaka wapi, na kama giza litamkuta njiani. Nilizifuta zote mbili, na hadithi ikatembea.

Kila mhusika nieleze sura na mavazi? (Uyole)

Hapana. Konda anayepita mara moja anatosha kwa sauti yake tu.

Wasomaji wa pwani hawajui ulanzi. Niwaeleze? (Iringa)

Waeleze, ila usisimamishe hadithi ili ufundishe. Mpeleke mzee kwenye mianzi alfajiri, akate upya ncha ya chipukizi, autazame utomvu uliodondoka usiku kucha, auonje. Bado mtamu, haujachacha, anaurudisha. Msomaji wa Tanga ameshaelewa pombe inatoka wapi, na ameshamfahamu mzee ni mtu wa subira. Kuna jambo moja naliomba sana: neno "ulanzi" liache hivyohivyo. Ukiandika "pombe ya kienyeji" umeifuta Iringa yote.

Nitajuaje nimepunguza mno? (Mafinga)

Mpe mtu sura moja aisome, kisha muulize: wako wapi, ni saa ngapi, kuna baridi au joto? Akibabaika, rudi palepale alipobabaika uongeze sentensi moja. Kama mhusika wako anafua alfajiri ya Juni, Mafinga, sentensi hiyo ianzie kwenye vidole vyake.