Dar mpaka Guangzhou: mbona kwenda masaa 15 na nusu, kurudi masaa 6?

SWALI: Mbukwenyi mhariri. Nauza nguo hapa Majengo, Dodoma, nataka kwenda Guangzhou, China kufuata mzigo kwa mara ya kwanza. Tiketi inasema natoka Dar 00:30 tarehe 15 nafika 16:00 siku hiyohiyo, kurudi natoka kule 17:30 nafika Dar 23:30. Njia si ni ileile jamani? Au ya kwenda inazunguka? – Mama Mjasiriamali, Dodoma

JIBU: Mama wala haizunguki, kinachokuchanganya ni saa. Kila muda kwenye tiketi unaandikwa kwa saa za mji ule ndege ilipo, na China nzima iko mbele yetu kwa masaa 5, kwahiyo ukifika kule saa kumi jioni huku Dodoma ni saa tano asubuhi, hesabu sasa toka saa sita na nusu usiku unapata masaa 10 na nusu. Kurudi unafanya kinyume, yale 6 unaongeza 5 yanakuwa 11. Hiyo nusu saa iliyozidi ni upepo, maana huko juu Asia upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi yao, kwenda unakusukuma kurudi unapigana nao.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 8,700 kwa mstari ulionyooka, unakatiza Bahari ya Hindi unapita juu ya India ya kusini, Ghuba ya Bengal, Myanmar, Laos na kaskazini ya Vietnam ndo unaingia China. Ndege kubwa inakimbia kama 900 kwa saa, jumlisha kupaa na kushuka, unaona inakubali kabisa. Ukipitia Dubai inakuwa karibu 9,800, si mbaya sana hewani, kinachokula muda ni kule kukaa kusubiri ndege ya pili, kwahiyo usiangalie bei tu angalia na masaa ya kusubiri.

Ila mama safari yako inaanzia Dodoma sio Dar! Ndege ya hapa kwenda Dar ni kama saa moja, SGR (treni ya umeme) ni masaa matatu na nusu mpaka manne hivi, alafu ukishuka treni kuna foleni ya Barabara ya Nyerere, na uwanja wa ndege, Terminal 3, unatakiwa uwe umefika masaa matatu kabla. Mimi ningeondoka Dodoma asubuhi, nisingesubiri treni ya jioni hata kidogo.

Na hili nakuomba lishike sana: 00:30 ya tarehe 15 ni usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani uwanjani unatakiwa saa tatu na nusu usiku wa tarehe 14. Ukienda usiku wa tarehe 15 ndege imeshaondoka usiku uliotangulia, na tiketi nyingi za bei nafuu hawakurudishii hela.