Kanji zinapopindisha jedwali: majibu ya maswali yenu

Shikamoo mwalimu. Najifunza Kijapani na misamiati yangu naiweka kwenye jedwali la Org, sehemu ya Emacs, programu ya kuandikia maandishi. Nikiandika kwa herufi za Kilatini, vistari vya wima vinanyooka. Nikiingiza kanji tu, yaani alama za maandishi ya Kijapani kama 日, vyote vinakwenda benibeni. Nimehesabu nafasi mara tatu. Nakosea wapi?

Marahaba. Hujakosea popote. Emacs inahesabu vyumba, yaani nafasi za upana sawa kwenye mstari: herufi ya Kilatini chumba kimoja, kanji vyumba viwili. Zisizoafikiana na hesabu hiyo ni fonti zako mbili, ya Kilatini na ya Kijapani. Fonti ya Kilatini kama Menlo au DejaVu Sans Mono huipa kila herufi upana wa takriban 0.6 ya saizi ya fonti, na kanji huchorwa ndani ya mraba kamili, yaani 1. Chukua saizi ya pikseli 20. Herufi "a" inakula pikseli 12, kwa hiyo vyumba viwili ni 24, lakini 日 ina 20 tu. Andika 日本語, kisha chini yake abcdef. Juu una pikseli 60, chini 72. Zimepungua 12, chumba kizima, na kistari chako kimevutwa kushoto kwa kiasi hichohicho.

Unaweza kuzikuza kanji mara 1.2 kwa mpangilio wa Emacs uitwao `face-font-rescale-alist`. Inafanya kazi, hasa kwenye saizi kama 15 au 20 ambazo hesabu yake haiachi vipande vya pikseli, ila mistari yenye kanji inarefuka kwenda juu na ukurasa unachosha macho. Mimi nakushauri fonti moja iliyochongwa kwa uwiano wa 1:2 tangu mwanzo, yaani kanji moja ni sawa na herufi mbili za Kilatini: Noto Sans Mono CJK JP, PlemolJP au HackGen. Angalia jina vizuri, maana HackGen35 ni ndugu yake wa uwiano wa 3:5, na hapo jedwali litapinda tena.

Na tafadhali usinyooshe kwa kuongeza nafasi kwa mkono. Nimepoteza jioni nyingi hivyo, na faili lilipofunguliwa kwenye kompyuta nyingine lilipinda upya.

Kanji zangu zimekaa sawa, lakini → na ○ zinakanyaga herufi inayofuata. Natumia Vim, programu nyingine ya kuandikia, kwenye terminali (dirisha la amri).

Alama hizo Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, imeziweka kwenye kundi la upana usio na uhakika, pamoja na herufi za Kigiriki kama α. Kwenye mifumo ya zamani ya Kijapani zilichukua vyumba viwili, kwingineko kimoja, na Unicode ikaacha mazingira yaamue. Fonti yako ya Kijapani inazichora pana, Vim inazihesabu nyembamba. Andika `set ambiwidth=double`, kisha uende kwenye mipangilio ya terminali ukabadilishe hukohuko pia. Ukibadilisha upande mmoja tu, kishale cha kuandikia (cursor) kitasimama mahali pasipo na herufi unayoifuta, na hilo ni baya kuliko tatizo la mwanzo.

Nimeweka MS PGothic kwenye Notepad, bado safu hazikai.

Hiyo P ndiyo tatizo. Ni fonti ambayo kila herufi ina upana wake: i nyembamba, m nene, hata kana, herufi za sauti za Kijapani, zimebanwa. Chagua MS Gothic isiyo na P.

Python, lugha ninayoandikia programu, inaukataa mstari wangu na kutaja U+3000. Nautazama, sioni kosa.

Ni nafasi ya zenkaku, ile pana ya Kijapani. Kwa macho inafanana na nafasi mbili za kawaida, tena kwenye fonti ya 1:2 inalingana nazo kabisa, ndiyo maana huioni. Inaingia ukibonyeza kitufe cha nafasi huku mfumo wa kuandikia Kijapani ukiwa bado umewashwa. Inakili kutoka kwenye mstari huo, ibandike kwenye kisanduku cha kutafuta, ubadilishe zote kuwa nafasi za kawaida. Kibodi nyingi za Kijapani zina kitufe cha 半角/全角 chini ya Esc, cha kuwasha na kuzima uandishi wa Kijapani. Kizoeze kidole chako, ukizime Kijapani kabla hujarudi kwenye msimbo.