Kwa nini Mnazi Mmoja haukujengwa? Maswali yenu kuhusu maradhi na miji

*Marehemu babu alikuwa akisema viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, viliachwa wazi kwa sababu ya maradhi. Kuna ukweli?* – Msomaji, Ilala

Babu hakukosea, ila maradhi ni nusu ya habari. Wajerumani waliugawa mji kanda tatu kwa kanuni za ujenzi za 1914. Waingereza walipoutwaa mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakaendeleza mgawo huo: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na kwingineko. Kati ya Uhindini na Kariakoo ukaachwa uwazi. Madaktari wengi wa kikoloni waliamini kwamba malaria imejificha katika damu ya Waafrika, na kwamba watu wakitenganishwa kwa nafasi tupu, mbu hatavuka. Lakini kila alfajiri mpishi, yaya na dobi walivuka kwenda kazini, na hakuna aliyewazuia. Ndiyo maana nasema hofu ya ugonjwa ilitumika kuhalalisha ubaguzi uliokuwapo tayari.

Hata hivyo, tumerithi kitu. Juzi jioni nilikaa pale na kikombe cha kahawa na kipande cha kashata, huku watoto wakikimbiza mpira uliochanika ngozi. Kwa wanaoishi Kariakoo, chumba kimoja familia nzima, hiyo ndiyo sehemu ya kuvutia pumzi. Mtu akija na ramani ya kuweka maduka hapo, tumkatalie.

*Ni kweli Nairobi waliwahi kuchoma soko zima?* – Msomaji, Eastleigh

Ndiyo. Mwaka 1902, mji ukiwa na miaka mitatu tu tangu reli ifike, tauni ilizuka na wakuu wakaamuru soko la Wahindi lichomwe. Moto uliteketeza mabanda, lakini uchafu na msongamano vilikuwa na chanzo kingine: watu walirundikana mahali pasipo na mifereji, na tauni ikarudi miaka iliyofuata.

*Na sisi Unguja?* – Msomaji, Ng'ambo

Kipindupindu cha 1869 na 1870 kiliua watu wengi mno mjini. Visima vilikuwa jirani na vyoo na makaburi. Seyyid Barghash, aliyeshika utawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyevuta maji ya bomba kutoka chemchemi za nje hadi mjini. Kwangu mimi, bomba lile lina heshima kuliko kasri lolote.

*Korona imetuachia nini mijini?* – Msomaji, Mwanza

Kidogo kuliko nilivyotarajia. Dar es Salaam daladala zilikwenda "level siti", yaani abiria wa kukaa tu bila wa kusimama, na Kenya matatu ya watu 14 ikabeba 8. Yote yamekwisha, tumerudi kubanana. Kilichoniuma ni zile ndoo za maji tiririka. Mlangoni pa duka ninakonunua unga ndoo ingalipo, koki imevunjika, ndani wametupa maganda ya miwa. Tulinawa kwa sababu ya korona tukasahau kwamba kipindupindu hakijaondoka. Agosti 2015 kililipuka Dar es Salaam kikasambaa mikoani. Mwulize mwenyekiti wako wa mtaa swali moja: soko letu lina mabomba mangapi yanayotoa maji leo?