Mbona ukuta wangu mweupe umegeuka tope?

Swali: Shikamoo mwalimu. Najifunza rangi za mafuta kwa kunakili ile picha ya mchoraji Mholanzi Johannes Vermeer ya mjakazi anayemimina maziwa. Mchoro wa penseli ulitoka vizuri, lakini nilipofika kwenye ukuta wa nyuma kila kitu kiliharibika. Penye mwanga pamekuwa peupe kama karatasi, vivuli vimekuwa tope la kijivu, na mwanamke anaonekana kama amebandikwa. Nimeongeza nyeusi, nimeongeza nyeupe, wapi! Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba. Umekwama pale pale penye somo lenyewe. Picha hiyo, iliyoko kwenye jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam, ni ndogo, kama sentimita 45 kwa 41 tu, na sehemu kubwa yake ni ukuta mtupu. Anayeuweza ukuta ule ameiweza picha.

Kosa lako limeanza kabla hujashika brashi: unaupaka mweupe kwa sababu unajua ni mweupe. Chukua karatasi, itoboe matundu mawili madogo, uiweke juu ya nakala unayoitazamia. Tundu moja lionyeshe kona ya kushoto karibu na dirisha, jingine lionyeshe ukuta nyuma ya mgongo wa mwanamke. Utaona kona ni ya kijivu iliyokolea kuliko ulivyodhani, kwa kuwa mwanga wa dirishani unaipita kona bila kuigusa sawasawa, kisha unatua upande wa kulia.

Sasa mtazame mwanamke mwenyewe. Upande wake wenye mwanga umewekwa mbele ya ukuta uliofifia, na upande wake wenye kivuli umewekwa mbele ya ukuta unaong'aa. Hicho ndicho kinachomtoa ukutani. Wewe umeupaka ukuta rangi moja pande zote, ndiyo maana anaonekana amebandikwa. Mistari ya ukingo nayo isiwe mikali kila mahali. Mingine ilainishe kwa brashi kavu rangi ikiwa bado mbichi.

Iache turubai kwa muda. Tafuta kibao kidogo ufanye zoezi la ukuta peke yake, bila mwanamke, bila meza. Tumia nyeupe, kahawia ya amba (umber, rangi ya udongo) na nyeusi kidogo sana. Ukuta wa Vermeer wenyewe umetengenezwa kwa nyeupe ya risasi, amba na nyeusi ya mkaa. Nyeupe ya risasi usiitafute, ni sumu. Ya titani inatosha, ila ina nguvu, kwa hiyo iongeze kidogo kidogo. Kwa kisu, si kwa brashi, changanya mafungu matano kutoka lililokolea hadi lililofifia. Kila fungu lijaribu kwa kushika ncha ya kisu karibu na nakala, ulinganishe. Usipake chochote mpaka mafungu yote matano yakubaliane na unachokiona. Kazi hii inachosha, lakini hapa ndipo jicho linapofundishwa.

Tope nalo lina sababu mbili. Nyeusi ikikutana na nyeupe peke yake hutoa kijivu baridi chenye ubuluu. Amba ndiyo inayoirudishia joto. Pili, unapitisha brashi mara nyingi mno mahali pamoja, giza linavutwa ndani ya mwanga. Weka rangi, ondoa mkono. Vivuli viwe vyembamba, karibu vipitishe mwanga, na nyeupe iwe haba humo. Unene uuweke penye mwanga.

Tabaka la kwanza liwe jembamba, la amba iliyozimuliwa kwa tapentaini. Amba hukauka upesi. Matabaka ya juu ndiyo yaongezwe mafuta ya kitani. Ukigeuza mpangilio, tabaka la juu litakauka kabla ya la chini na baadaye litapasuka. (Matambara yenye mafuta hayo usiyarundike: yanaweza kushika moto yenyewe. Yaloweke kwenye maji au yatandaze yakauke.)

Msumari, kivuli chake na matundu ya ukutani viache mwisho kabisa. Najua vinavutia. Uchunguzi wa Rijksmuseum uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Vermeer alianza kuweka ubao wa kutundikia majagi nyuma ya kichwa cha mwanamke, na kikapu cha kuwekea moto, kisha akavifuta vyote viwili. Utupu wa ukuta ule aliuchagua, basi nawe upe muda kabla ya kuujazia vitu.

Kibao kikikubali, rudi kwenye turubai. Kama rangi bado ni mbichi, kwangua ukuta wote kwa kisu. Kama imekauka, isugue kidogo kwa msasa ulioloweshwa ili vumbi lisiruke, pangusa, uache ikauke, kisha anza kwenye kona ya dirisha ukielekea kulia.