Shakwe wa Naivasha

Swali: Mhariri, Januari nilimwona Naivasha ndege mkubwa mweupe, mwenye mgongo mweusi, akiwanyang'anya wenzake samaki. Je, shakwe si ndege wa baharini?
Msomaji, Nairobi

Jibu: Ndugu msomaji, shakwe huishi pia katika maziwa ya bara. Yule mdogo, mwenye kichwa cha kijivu na miguu myekundu, ni mwenyeji wetu wa mwaka mzima. Uliyemwona wewe yaelekea ni shakwe mgongo-mweusi, ambaye huikimbia baridi ya kaskazini mwa Ulaya na Urusi, akakaa kwetu kati ya Oktoba na Aprili. Mtazame mdomo wa manjano: chini, karibu na ncha, pana doa jekundu, ambalo kinda hulidonoa ili mzazi amtapikie chakula. Wachanga wenye manyoya ya kahawia, nakiri, huwatatanisha hata wazoefu.